Bidoni za Kibumba na Kole ya Mbarika

Mliniomba, vijana wa labo, niwaachie daftari la fomula, na nimeliacha. Liko kabatini, mlango wa kushoto, chini ya glavu. Kila fomula iliyomo nimeipima kwa mikono yangu zaidi ya mara tatu, na mkiifuata mtapata kole inayoshika kuliko gundi yoyote na verni ya mbao isiyobanduka. Sina wasiwasi nayo hata kidogo. Lakini kuna jambo moja halimo daftarini. Kila nilipotaka kuliandika niliona aibu, nikageuza ukurasa. Sasa nimestaafu, karatasi ninazo tele, na hakuna anayenigongea mlango kuuliza ufunguo wa stoku uko wapi.

Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili ya ofisi, kama panya hawakuvimaliza. Mshahara nao tuuache, tusijiharibie siku.

Mimi ni mtoto wa upande wa Bukavu. Nilifika Goma na diploma ya kemia, rozari ya mama yangu, na koti jeupe la labo nililoshonewa na shangazi, lenye mikono mirefu kuliko mikono yangu. Nilipanga chumba mtaa wa Katindo, nikapata kazi katika fabriki yetu hii ya barabara ya kwenda Sake, karibu na ziwa dogo la Lac Vert. Wakati huo ilikuwa mabati tu juu ya mawe ya lava. Siku ya kwanza niliuliza labo iko wapi, nikaonyeshwa meza.

Kwenye meza hiyo alikaa Muzee Bisimwa, mkuu wa labo na, kwa miaka mingi, mfanyakazi wake pekee. Hakuniuliza diploma. Alichukua kijiko cha chuma chenye mpini wa mti, akatia mafuta kidogo, akakishika juu ya moto wa gesi.

“Sikiliza,” akasema.

Sikusikia kitu. Akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akadondosha tone moja kwenye kijiko kingine cha mafuta, akakirudisha motoni. Kijiko kikaanza kulia chachacha na kunirukia kwenye koti langu jipya.

“Sasa umesikia. Mafuta yenye mayi yanasemaka. Makavu yananyamazaka. Ukishajua ile, umejua nusu ya kazi.”

“Na nusu nyingine, Muzee?”

“Kunawa mikono.”

Hakuwa anatania. Muzee Bisimwa alikuwa msafi kuliko sista wa hospitali, na kwa kuwa na mimi nililelewa hivyo, tulipatana siku ile ile. Juma la pili jirani wa fabriki alituletea mihogo kwenye sufuria. Tulipokula, nikamrudishia sufuria yake jinsi ilivyo, na makombo ndani. Muzee alinirudisha njiani. Alisema chombo cha mutu hakirudi kichafu, batu watasema hatukulelewa. Niliosha sufuria mara mbili, kisha nikachukua kipande cha karatoni na kalamu ya bluu, nikaandika kwa herufi kubwa: USIRUDISHE CHOMBO CHA MUTU KICHAFU. Nikakitundika juu ya lavabo ya kunawia. Muzee alikisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kaeni na hicho kikaratoni akilini, maana ndicho kilichonipeleka nilikopelekwa.

Siku zile tulitengeneza kole ya zamani, ile tuliyoiita ya pipa, ya kuyeyusha mpira kwenye petroli na madawa ya ng'ambo yenye harufu kali. Ilishika vizuri, siwezi kuisema vibaya. Lakini jioni vichwa vilituuma wote, na mke wa Muzee alimvua shati mlangoni kabla hajaingia nyumbani. Yeye alikuwa ameipumua miaka mingi. Alikuwa akianza sentensi, kikohozi kinaimaliza. Nilimpenda yule muzee, na kumsikia vile kuliniuma.

Yeye ndiye aliyeleta habari ya mbarika. Ninyi mmesoma kunishinda, lakini nitawaeleza kama alivyonieleza yeye. Poliyuretani, kole ya namna mpya, inazaliwa na vitu viwili: mafuta yenye mikono ya kushikana, na dawa ya kugandisha inayokuja kuishika mikono hiyo. Mafuta ya namna hiyo viwandani yanatengenezwa kutoka petroli. Mafuta mengi ya mimea hayana mikono, lazima uyapike na kuyageuza kwanza. Mbarika inazaliwa nayo tayari. Na mbarika, alisema Muzee, inaota kwenye kila ukingo wa shamba kutoka hapa mpaka Rutshuru, na hakuna anayeisalimia.

Niseme ukweli hapa, kwa sababu wageni wakija mnapenda kujisifu. Dawa ya kugandisha bado inatoka ng'ambo kwenye pipa, na ni adui wa mapafu. Anayesema kole yetu ni majani matupu anawadanganya. Barakoa mnavaa, hata kama kuna joto, hata kama mnaondoka baada ya dakika mbili.

Patroni, mwenye fabriki, hakukataa jaribio letu, ila aliweka sharti. Alisimama katikati ya labo na mikono mfukoni, akasema:

“Kole ya mimea, sawa. Lakini ikishindwa na ile ya pipa hata kwa nusu kilo, ninaitupa ku lavabo. Hata Mukiristu hanunue kole kwa sababu ya huruma.”

Alikuwa na haki. Tulinunua mizani ya ndoano, ile ya wachinjaji wa nyama, tukaigeuza kuwa mashine ya kupimia. Unagundisha kipande cha mpira juu ya ubao, unasubiri siku saba, unakishika kwa ndoano na kuvuta mpaka kibanduke, huku mwenzako anasoma kilo. Mara za kwanza kole yetu ilitoka kama ubani wa kutafuna. Nyingine ilichelewa kukauka, inzi wakaja kufia humo. Tulibadilisha vipimo, tukabadilisha joto, tukajifunza kwamba mafuta lazima yapikwe polepole mpaka unyevu wote utoke, kwa sababu maji yakikutana na dawa ya kugandisha yanatoa hewa, na kole inajaa vishimo ndani. Nje unaiona nzuri. Ndani ni mkate.

Muzee alirudi kwao Bukavu kupumzika kabla hatujashinda. Aliniachia kijiko. Miezi michache baadaye mizani ya mchinjaji ilionyesha kole yetu imeipita ile ya pipa, na si kwa nusu kilo tu. Nilimpigia simu. Alikohoa, akacheka, akauliza kama ninanawa mikono.

Mafuta tuliyanunua kwa Mama Solange wa Kibumba, kijiji cha milimani juu ya Goma. Ndiye aliyewaongoza wanawake kumi na kitu waliopanda mbarika kwenye kingo za mashamba ya makabichi, wakaikaanga na kuikamua. Mwanamke mrefu, maneno machache, ng'ombe watatu nyumbani, na maziwa yake yalisifiwa kijiji kizima. Mafuta yake yalishuka Goma kwenye bidoni za njano za lita ishirini, na bidoni tupu tulizirudisha na gari lililofuata. Alinitania kwa sababu ya koti langu. “Mama Labo,” aliniita, na jina likashika kuliko kole, “ile koti siku moja itakuwa na doa, na miye nitakuwapo.”

Wateja wetu wakubwa wakawa mafundi wa chukudu. Kama kuna atakayesoma hii na hakukua hapa: chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, hakina pedali, kinabeba viazi na makaa kutoka milimani kwa kusukumwa na kuteremka. Gurudumu lake ni la mti, linavalishwa mpira wa tairi kuukuu. Zamani mpira ulipigiliwa misumari, na misumari inapasua mti. Kole yetu ilishika mpira bila msumari hata mmoja, na kwa kuwa ya mbarika ina ulaini kidogo, gurudumu likigonga mawe ya lava inakubali kuyumba bila kukatika. Mafundi waliipenda.

Halafu ukaja msimu mmoja wa mvua. Barabara zilifungwa kwa siku nyingi, gesi ya kupikia mafuta ikatuishia, na fundi mmoja alihitaji kole kwa haraka. Nilikuwa na bidoni moja ya Kibumba. Nilichukua kijiko cha Muzee, nikachota mafuta kwa juu, polepole, nisichafue mkono wa koti. Nikakipasha kwa mshumaa. Kijiko kilinyamaza. Nikasema, haya ni makavu, kuyapika ni kupoteza muda. Nikachanganya.

Juma la tatu Papa Bahati aliingia labo bila kubisha. Alikuwa muchukudu wa miaka mingi, anashusha viazi kutoka Kibumba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta. Kwa mkono wa kulia aliweka juu ya meza yangu ukanda wa mpira, mzima, umebanduka kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

“Kole yako, Mama Labo,” akasema. “Imeniachia pa mteremko.”

Gurudumu la mbele lilivua mpira likiwa kasi, chukudu ikalala, magunia yakamwangukia kifundo cha mkono. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha Muzee akanitazama nikikata ile kole kwa wembe. Ndani ilikuwa mkate.

Nilikwenda kwenye bidoni. Mafuta yaliyobaki yalikuwa ya chini kabisa. Niliyamimina kwenye bakuli jeupe, na matone ya maji yakakimbizana chini ya mafuta kama lulu. Ningesimama hapo nifikiri. Sikusimama. Damu ilinipanda, nikaona kitu kimoja tu: mtu ametia maji kwenye mafuta ili bidoni ijae, na Papa Bahati amevunjika mkono. Niliomba gari la patroni, nikapanda Kibumba siku ile ile, na koti langu mwilini.

Ilikuwa siku ya soko. Mama Solange alikuwa kwenye depo na wenzake, wanapima mbegu. Sikumvuta pembeni, sikusalimia. Nilisema mbele ya wote:

“Mama Solange, unatuuzisha mayi.”

Alinyanyuka pole pole. “Miye?”

“Weye.”

“Unaniita mwizi mbele ya batu, Mama Labo?”

“Miye sikuite. Mafuta yako njo yanakuita.”

Njiani kurudi nilijirudia maneno hayo. Niliyaona makali, ya mtu anayejua kazi yake. Nawaandikia hili ili mjue kwamba mtu anaweza kujipongeza katika saa ambayo anakosea vibaya kuliko zote za maisha yake.

Patroni alisimamisha ununuzi wa Kibumba, akaagiza tena mapipa ya ng'ambo. Kwangu alisema tu kwamba labo itafanya ilichokuwa inafanya zamani. Harufu ya petroli ikarudi, na vijana wawili wanaochanganya kole wakaanza kushika vichwa jioni. Mimi nilijua kazi yote ya Muzee ilikuwa inamwagika, na nilimlaumu Mama Solange asubuhi na jioni.

Kule juu mambo yalikuwa mabaya zaidi, ingawa nilikuja kuyajua baadaye. Mtengenezaji wa sabuni alisikia, naye akakataa mafuta yao. Mbegu zililala kwenye magunia. Na watu wakaanza kuyatazama maziwa ya Mama Solange. Wanamimina kidogo kwenye kiganja, wanayaangalia kama yanateleza upesi, wanamrudishia chupa. Kwa watu wa ng'ombe, kukuambia umetia maji kwenye maziwa ni sawa na kukutemea mate. Hakuna aliyemwambia neno. Walimimina tu kwenye kiganja.

Alikuja Goma asubuhi ya Jumanne. Alivaa kitenge cha kwenda kanisani, hakubeba kitu. Nilikuwa nje nahesabu mapipa. Nilijitayarisha kwa matusi, na majibu nilikuwa nayo.

“Sikuje kugombana,” akasema. “Nionyeshe fasi bidoni zangu zinalalaka.”

Nilimpeleka nyuma ya stoku. Pale, juu ya mawe ya lava, zilipangwa bidoni za njano zilizokuwa hazijarudishwa, midomo chini, zimeoshwa zinang'aa. Niliona fahari kidogo, hata siku ile. Alichukua moja, akaitikisa karibu na sikio. Akaigeuza mdomo chini. Hakikutoka kitu. Akaigeuza upande wa pili, halafu akairudisha tena upande wa kwanza, taratibu, mpini ukiwa chini kisha juu. Ninyi mnajua mpini wa bidoni ni mtupu ndani. Mimi nilikuwa sijawahi kuufikiria. Maji yakatoka, yakajaa kiganja chake, yakamwagika kwenye kitenge.

“Mama Labo,” akasema, “haya mayi ni ya Kibumba?”

Nilichukua bidoni ya pili, nikaitikisa sikioni kama yeye.

“Kibumba hakuna mayi. Unajua. Haina mto, haina chemchemi, udongo wetu unakunywa yote. Tunangojaka mvua, ikikosa tunatembea masaa tukiwa na bidoni ku mugongo. Mayi ya kunywa tunapimiaka batoto mu kikombe.” Alifungua kiganja, akayaacha yadondoke. “Miye ningetoa mayi wapi, ya kutia mu mafuta?”

Nimekaa na swali hilo miaka yote hii. Mimi ninayeishi kando ya ziwa, ninayefungua robine na kuiacha inatiririka nikisugua kucha, nilimpandia mtu wa Kibumba kumwambia anachezea maji.

Aliomba kunawa mikono, na nilimwingiza labo. Juu ya lavabo alikiona kikaratoni. Alikuwa anasoma polepole, akifuatisha kwa kidole. USIRUDISHE CHOMBO CHA MUTU KICHAFU.

“Nani aliandika?”

“Ni miye.”

“Ni vizuri,” akasema. “Hata siye tulisema, ile fabriki ina batu walilelewa, bidoni zinarudiaka safi. Sikuzifungua kuangalia ndani. Ingekuwa kukosa heshima.”

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu wote. Sisi tuliosha kwa heshima, yeye hakukagua kwa heshima, na kati ya heshima mbili Papa Bahati akavunjika mkono. Lakini tusigawane makosa sawasawa. Kuosha ilikuwa amri yangu. Kuchota kwa juu, wakati maji hukaa chini ya mafuta, ilikuwa ili koti langu lisichafuke. Kuacha kupika ilikuwa haraka yangu. Mafuta yake yalikuwa safi tangu siku ya kwanza. Nilimwambia hivyo palepale, na nikaanza kulia, jambo ambalo sikuwa nimefanya kazini tangu Muzee alipoondoka.

Hakunishika bega. Alisubiri nimalize.

“Hapa siko na shida na weye,” akasema. “Hapa hakuna batu. Uje siku ya soko.”

Nilikwenda siku ya soko, kwa lori la watu wengine, kwa sababu sikutaka gari la patroni. Wanawake wale wale walikuwepo, na wengine zaidi. Nilianza kueleza habari ya mpini na maji, na nadhani nilikuwa naongea na viatu vyangu. Mama Solange alinikatiza.

“Sema na ile sauti ya siku ile.”

Basi nikanyanyua kichwa, nikasema kwa sauti ile ile niliyomtukania, mpaka wauza makabichi wa upande wa pili wakageuka: kwamba maji yalikuwa ya kwangu, kwamba Mama Solange hajawahi kutuuzia ila mafuta, kwamba mwongo alikuwa mimi. Nilisema mara mbili. Mama mmoja mzee aliinuka, akaenda kwenye chupa za maziwa za Mama Solange, akachukua moja, akanywa palepale bila kumimina kwenye kiganja. Wa pili akafuata. Mama Solange alitazama pembeni, kuelekea mlimani, muda mrefu.

Patroni naye nilimweleza yote. Alinisikiliza na mikono mfukoni. Nilimwambia kole haikushindwa, aliyeshindwa ni mimi, na kwamba ninaomba msimu mmoja wa kuithibitisha. Alisema mimi nitafute mtu wa kuijaribu, kama yupo mwenye moyo huo. Nilimwendea Papa Bahati, plasta ikiwa imeshatolewa.

“Nitakubali,” akasema. “Lakini safari ya kwanza, weye mwenyewe unapanda juu ya viazi.”

Alifikiri nitakataa. Gurudumu la mbele tulilivalisha mpira kwa kole ya Mama Solange, mafuta yaliyopikwa mpaka kijiko kikanyamaza kwa kuchota chini. La nyuma tulitia kole ya pipa. Nikapanda juu ya magunia Kibumba, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na koti jeupe. Papa Bahati akasukuma, akapiga goti, tukashuka. Rozari niliimaliza kabla ya kona ya kwanza ikabidi nianze nyingine. Watoto walitukimbilia wakipiga kelele “Mama Labo”, na tulipofika chini koti lilikuwa limejaa udongo mweusi na mafuta ya ekseli. Mama Solange, ambaye alikuwa ametangulia na lori ili ashuhudie, alinionyesha lile doa kwa kidole. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipocheka tena na mimi.

Papa Bahati alishusha viazi na chukudu ile mvua nzima na kiangazi chake. Mwisho wa msimu tuliileta labo. Gurudumu la nyuma, kole ya pipa ilikuwa imeanza kufunguka midomo pembeni. La mbele, mpira ulikuwa umekwisha kabisa, unaona mti, na pale mti ulipoonekana kole ya mbarika ilikuwa bado imeng'ang'ania. Ilibidi tuikwangue na patasi. Patroni alijaribu mwenyewe kwa ukucha, ukucha ukavunjika. Alisema “endeleeni”, na alipokuwa anatoka alikuwa ananyonya kidole.

Habari ya verni mnaijua, mmeifanya na mimi. Mafuta ya mbarika peke yake yanatoa verni laini, unaweza kuandika jina lako kwa kucha. Tuliyapika na gliserini inayobaki kwa watu wa sabuni, walewale waliokuwa wamekataa mafuta ya wanawake, na hapo ikapata ugumu. Kata mistari kwa wembe, mmoja kupita mwingine, bandika utepe wa skochi, vuta ghafla: kama kimraba hata kimoja kimebaki kwenye skochi, mteja hapewi. Benchi za kanisa letu zimebeba mapaja ya Wakristo miaka mingi na bado zinang'aa. Nje juani inageuka manjano, msimfiche mtu. Kwa mlango unaotazama jua tumieni ile dawa nyingine ya kugandisha, iko ukurasa wa katikati.

Kikaratoni nilikishusha mwenyewe, na bidoni za Kibumba tukazitia alama nyekundu mpinini, zisioshwe tena. Muzee alipofariki nilikwenda Bukavu na kijiko chake mfukoni, nikawasimulia watoto wake habari za chachacha na hawakuelewa, nikarudi nacho. Kiko kwenye droo. Chota chini.

Siku mliyoniaga, mliniona nalia na mkadhani ni hotuba ya patroni. Ni kwa sababu ya bidoni. Wanawake wa Kibumba walikuwa wameniletea bidoni ya njano, imejaa mafuta mapya, ina alama nyekundu ya stoku yetu mpinini. Niliipeleka nyumbani Katindo. Mke wa mwanangu, binti aliyelelewa vizuri, aliyamimina mafuta kwenye chupa, na nilipotoka chumbani nilimkuta uani amechuchumaa, bidoni mbele yake, sabuni mkononi, robine inatiririka.

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea yule mtoto, na alishtuka.

“Lakini mama, ni chombo cha mutu. Tutakirudisha kichafu?”

“Ndiyo,” nikamwambia. “Hiki kinarudi kichafu. Funga robine.”

Nikaifunga kifuniko vizuri na mafuta yake yakiwa bado yamenata ndani, mikono ikiwa imeloa, na doa kwenye gauni. Nikampa dereva wa lori la makabichi. Kesho yake asubuhi simu ililia.

“Mama Labo, bidoni imefika.”

“Iko namna gani?”

Nilimsikia akifungua kifuniko, akiigeuza upande huu, kisha upande ule, taratibu, mpini chini, mpini juu.

“Ni chafu kabisa,” akasema Mama Solange. “Aksanti.”